Ndoo ya Maoni

Jumatatu, 4 Machi
Tangu watu waanze kupaka kuta rangi, hajazaliwa kiongozi wa mradi kama mimi. Shule niliiacha njiani, na leo nina mafundi watano na jengo la ghorofa tatu! Mkandarasi kaniita. Anataka kujua hali ya kazini, mafundi wanajisikiaje. Nikamwambia wananipenda kupita kiasi. Akasema niwaulize wao, nisiwajibie mimi. Jibu Ijumaa.

Jumanne, 5 Machi
Ndoo tupu ya rangi, mfuniko nimeutoboa. Kila fundi atumbukize karatasi, bila jina. Nikawaapia sitamtafuta mwandishi. Mzee Brashi — ndiye aliyenifundisha kazi — akauliza, “Kweli, bosi mdogo?” Kweli tupu, mzee wangu!

Jumatano, 6 Machi
Karatasi tano. Moja: chai inachelewa. Nyingine: nipunguze mdomo. Wivu! Mbili hazina kitu. Ya mwisho: “Jukwaa la nyuma linayumba. Naogopa kupanda. Nikisema, nitaambiwa nimezeeka, niondolewe.” Pembeni alama ya kidole gumba, kijani. Kijani ni cha madirisha, na madirisha anapaka mmoja tu. Mimi mpelelezi!

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi nilitaka kuwachangamsha. Nikainua karatasi: “Jamani, babu yetu anaogopa kupanda! Tumtafutie kigoda?” Wawili wakacheka. Mzee Brashi akaitazama karatasi, akafuta mikono, akapanda jukwaa lile lile mpaka juu kabisa. Nikaenda kulishika — linacheza kweli, nati mbili hazipo! Nikapiga kelele ashuke. Akajibu, bila kugeuka, kwamba bado ana nguvu za kazi. Alishuka saa ya chakula. Mimi sikula.

Ijumaa, 8 Machi
Nati mpya zimefungwa. Dakika kumi tu. Nimezungusha ndoo tena. Karatasi tano, zote: “Hali ni nzuri sana, bosi.” Herufi kubwa. Safi, hakuna hata doa. Wamenawa mikono kwanza!

Mkandarasi yuko getini, anapiga honi. Nikimpa hizi atanisifu. Mzee Brashi amepita na ndoo yake, nikamuuliza jukwaa sasa likoje. “Zuri, bosi.” Hakusimama.

Haya, niandike hapa, maana huko nje sitathubutu. Niliapa sitamtafuta. Nikamtafuta, nikampata, nikawachekesha watu kwa hofu yake. Sasa kikilegea kitu chochote kule juu, hakuna atakayeniambia. Honi tena —