Chumba cha Simu cha Abti

Abti,

Mjomba wangu, tumekuzika juzi kijijini kwetu Hulugho, na watu walijaa mpaka wengine wakaswali juani. Sasa niko Garissa, kwenye chumba kilekile cha hoteli ulichokuwa ukichukua kila ulipoleta mbuzi sokoni. Yule wa mapokezi aliposikia umefariki, alikaa chini kwanza, ndipo akanipa ufunguo.

Kwetu mtandao huja na kupotea, kwa hiyo ulisafiri na salamu za kijiji kizima: huyu ana kijana Afrika Kusini, yule ana dada Norwe. Wenzako walipiga simu zao palepale sokoni, mbele ya madalali na ngamia. Wewe ulikataa. Ulifunga mlango, ukavua viatu, ukakaa kitandani, ndipo ukapiga. Lakini ulivyokuwa ukipaza sauti, Abti, hata wauza miraa kule chini walijua nani kajifungua!

Habari ya msiba tu ndiyo uliyoishushia sauti. Nilikuwa nimekaa hapahapa uliponiambia kwa lafudhi yako ya Kisomali, "Fardosa, usibigie mfiwa kwanza. Bigia jirani, aende akae na yeye. Mtu asisikie kifo akiwa beke yake." Ukangoja mpaka chai ikapoa, na jirani akasema ameshafika. Sijaona mtu mwenye subira ile. Nilikupenda sana siku hiyo.

Leo asubuhi ilikuwa zamu yangu. Hodan, binti yako, anaishi peke yake kule Norwe, na mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Niliwasihi ndugu wote wasiandike kitu WhatsApp kabla sijampata, na ajabu, wakatii. Nikampigia kwanza Mama Sahra, Msomali mwenzake anayeishi naye jengo moja. Aliacha chakula jikoni, akapanda kwa Hodan.

Hodan alipopokea simu, hata salamu sikuwahi kutoa. Akasema, "Nimefungua mlango nikamwona Mama Sahra amesimama. Ni Aabo, ni baba, sivyo?" Anaijua desturi yako. Tukalia, yeye na mimi, na nikamsikia Mama Sahra akimwambia njoo, njoo hapa, huku amemkumbatia.

Hakuwa peke yake, Abti.

Allah akurehemu, akupe Firdaus. Akina mama wa Hulugho wameanza kunipa namba za watoto wao. Nitazipiga zote humu, mlango umefungwa, na wa mbali akifiwa nitamtafutia jirani kwanza.

Mpwa wako,
Fardosa