Kiraka Kilichopozwa kwa Jivu

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika Kariakoo, marahaba sana. Bibi yako hajambo, na mjomba wako kapata mtoto wa kike.

Unauliza kwa nini nyuzi zinachomoka kwenye plastiki mnayoipoza haraka huko chuoni. Swali hilo nilikutana nalo kwenye ndoo, enzi za Ujamaa.

Ndoo zilikuwa adimu, nami nilikuwa fundi wa kuziba zilizopasuka. Niliyeyusha plastiki, nikalaza ndani yake nyuzi za katani, nikabandika. Bibi yako, wakati huo mteja tu kutoka Ilala, alikuwa anawahi foleni ya bombani, basi nikamwagia kiraka maji kipoe upesi. Kesho yake akarudi nacho mkononi.

"Fundi, kazi gani hii?"

Nyuzi zilikuwa zimechomoka safi, hazijashika hata chembe ya plastiki.

Nikabandika upya. Safari hii nilikifukia kiraka kwenye jivu la vuguvugu, nikampa ndoo yangu akapange foleni. Kilipoa taratibu mpaka mchana. Nikakivuta kwa koleo, hakikubanduka. Mama yako aliogeshwa kwenye ndoo ile, na mtaa mzima ulinijua kwa kazi hiyo. Plastiki inataka muda wa kuushika uzi.

Leo kazi ya babu yako inasomewa chuo kikuu. Natembea kifua mbele.

Bibi yako ameisoma barua hii. Anasema nimesahau kuandika kwamba jivu lilikuwa wazo lake.

Ni kweli. Lilikuwa lake.

Babu yako