Pete ya Habu ya Tiara

Karakanani, Jumatano asubuhi

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuachia. Pole na kazi ya ghala. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi, na kwa kuwa hakupenda ngazi hata magoti yalipokuwa mazima, hatuna wasiwasi naye. Karakana ipo. Naifungua saa mbili asubuhi, naifunga jioni, na wateja bado wanakuulizia wewe kabla hata ya kunisalimu. Nimeshazoea.

Habari kubwa nakupa sasa hivi, usije ukairuka mistari kuitafuta: Tiara amefunguliwa plasta. Daktari aliinua picha ya mguu kwenye mwanga, akasema mfupa umeunga vizuri kuliko alivyotarajia, na kuanzia siku hiyo mgonjwa yuko huru kufanya chochote. Mama akamuuliza chochote maana yake nini, kwa sababu huyu binti ukimwambia chochote hakuachii kitu. Daktari alicheka, lakini Mama hakuwa anatania. Mimi nilitoka nikasimama koridoni, nikalia mpaka muuguzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia hajafa mtu, ni furaha tu.

Miezi mitano ya magongo, Kaka, na kila siku ya miezi hiyo mdogo wetu alitutuma kama ana kiti cha enzi. Maji hayana ubaridi, mto umekaa upande, nani amegusa redio. Sasa amerudi kupiga mluzi bafuni. Nyumba imechangamka, na mimi nimeanza kula na kushiba.

Lakini kila tukifurahi mmoja wetu anakutaja, na meza inapoa. Uliandika kwamba unatembea kwa miguu saa nzima kwenda kazini kwa kuwa hutaki tena kushika baiskeli, na kwamba mikono iliyomvunja mdogo wako haistahili spana. Mama aliyasoma maneno hayo mara mbili, akaikunja barua, akaiweka kwenye pochi yake. Bado anatembea nayo.

Wiki mbili baada ya plasta kutoka, Tiara alitaka gurudumu jipya la nyuma la baiskeli yake ya maonyesho. Nikaanza kulijenga. Mama alipopata habari alikuja karakanani mwenyewe, akakalia kigoda chako, akasema haondoki mpaka aelezwe kitu hicho kinafanyaje kazi. Utanicheka, lakini ilibidi nimfundishe Mama habu.

Nilimwanzia mbali. Nikamwambia baiskeli ya kawaida ina friwili, ndiyo maana ukiacha kupiga pedeli inateleza yenyewe na miguu inapumzika. Ya Tiara haina friwili. Gia imefungwa moja kwa moja kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka, likirudi nyuma nazo zinarudi nyuma, na ndivyo anavyoweza kuiendesha kinyumenyume na kufanya mbwembwe zake zote. Mama akasema basi hiyo si baiskeli, huyo ni punda. Nikachukua kopo la grisi nikamwonyesha kwa kifuniko chake. Gia inakazwa hivi, kwa kuzungusha kulia. Ukipiga pedeli kwenda mbele inazidi kujikaza, ila ukizisukuma kurudi nyuma inataka kufunguka. Ndipo inapokuja pete. Pete inakaa nje ya gia, na hesi zake, ile mistari kama ya skrubu, zimechongwa kinyume, inakazwa kwa kuzungusha kushoto. Gia ikijaribu kufunguka inaiburuta pete kushoto, na kwa pete kushoto ni kukaza. Kadiri unavyorudi nyuma ndivyo inavyozidi kubana.

Alizungusha kifuniko huku na huku. Kisha akauliza, kama ni hivyo, siku ile Tiara alipoanguka ilifungukaje.

Nilimjibu harakaharaka kwamba wewe uliikaza pete kupita kiasi wakati wa kujenga, hesi zikakwanguka. Mama akasema ajabu, maana wewe tangu utotoni hujawahi kufunga kifuniko kikafungika, na mafuta yalimwagika kwenye mikoba yake miaka yote kwa ajili yako. Akaamka, akajikung'uta gauni, akaenda zake. Nilibaki na kopo mkononi, na sikufanya kazi yoyote ya maana mpaka jioni.

Jumamosi tukaenda kwenye uwanja wa saruji nyuma ya shule, mimi na Tiara peke yetu. Aliligeuza gurudumu, akalizungusha, akavuta spoki moja moja. Kisha akasema anashukuru safari hii nimelijenga mimi. Akasema anakupenda na atakupenda, ila gurudumu lililotoka mikononi mwako hatalipanda tena. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema hali vitunguu.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nilimweleza yeye kwanza, na sasa nakueleza wewe.

Kaka, gurudumu lako lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyeliharibu.

Asubuhi ya siku ya maonyesho ulikwenda kutafuta mipira ya magurudumu, ukaniambia nisiiguse ile habu mpaka urudi. Gia ilikuwa na kutu kidogo. Nikafikiri watu watakuwa wengi, wamemzunguka Tiara, wataona kutu, nikataka niitoe niing'arishe. Niliweka spana kwenye pete nikazungusha kushoto, kama ninavyofungua nati kila siku ya maisha yangu. Najua hesi za pete ni kinyume, wewe mwenyewe ulinifundisha. Mkono ulitangulia, kichwa kikabaki nyuma. Ilipokataa sikufikiri, nikachomeka bomba kwenye spana nikalikanyaga. Nilisikia kitu kinakatika, na pete ikaanza kuzunguka hewani, haishiki popote.

Nilipaswa kukungoja. Badala yake niliisugua gia mpaka ikang'aa, nikairudisha, nikapaka hesi gundi ya chuma, nikaibandika pete mahali pake. Kwa macho ilikuwa nzima. Uliporudi uliitazama gia ukanisifu. Nilitaka kusema, Kaka, naapa nilifungua mdomo, lakini ulikuwa unacheka, na watu walikuwa wameshaanza kukusanyika.

Tiara alipokwenda mbele ilishika. Alipoanza kurudi nyuma gia ilifunguka pamoja na ile gundi, pedeli zikamkimbia, akaanguka. Wewe ulimbeba mikononi ukakimbia naye hospitali. Mimi nilirudi na baiskeli, nikafungua gurudumu, nikasugua gundi yote kwa petroli na brashi ya waya. Kesho yake asubuhi uliishika habu dirishani, ukaona hesi zimekwanguka, ukamwambia Mama kuwa ni wewe, ulikaza kupita kiasi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nikanywa chai.

Hilo la chai ndilo linaloniumiza kuliko yote. Kuharibu kifaa ni ujinga wa fundi, hata wewe umewahi. Lakini nilikuona ukiubeba mzigo wangu, ukafunga begi, ukaenda kubeba makasha ya watu, na miezi mitano nikakuacha uende nao. Nilijiambia Tiara akipona tu nitasema. Akapona, nikajiambia akipanda tu. Ningeendelea hivyo mpaka nizeeke.

Tiara alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza jambo moja tu, kama pete ya safari hii niliikaza upande unaotakiwa. Nikasema ndiyo. Akavaa kofia yake, akapanda. Alizunguka mbele mara mbili, akasimama, akaanza kurudi nyuma, na mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye ile pete. Alizunguka kinyumenyume uwanja mzima. Mguu haukutetereka. Kisha akaja akasimama mbele yangu na kusema hatanisemesha mpaka uwe umeambiwa, na ametimiza ahadi. Leo ni siku ya nne. Mezani anamwambia Mama amwambie huyo asogeze chumvi.

Mama naye nimemwambia jioni ile ile. Alilia kidogo, kisha akaitoa barua yako kwenye pochi, akasema sasa anaweza kuiweka kabatini. Mimi akaniambia nikale. Kaka, nilikula, nikalala mpaka jua likaniamsha. Sikujua kama nilikuwa nimechoka hivyo.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Una haki ya kukasirika, tena sana, ila nakuomba kitu kimoja: ukikasirika, njoo ukasirike hapa. Njoo unigombeze mbele ya wateja wote, nitasimama nisikilize. Mwezi ujao Tiara ana maonyesho, na jana alimwambia Mama, kwa sauti ya kutosha nisikie, kwamba gurudumu langu halitaki. Anataka lako.

Mama anakusalimu, na anasema ufunge vifuniko. Tiara anakusalimu sana. Wasalimie wote unaokaa nao huko, na uwaambie mikono yako haikumvunja mtu.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekunywa chai.