Mkono wa Kushoto Kwenye Kibao

Makole, Jumanne, saa kumi na moja jioni.

Upepo wa mwezi wa saba unavuma tangu asubuhi, na vumbi limenifuata hadi kwenye kikombe cha chai. Nimekaa dukani, mlango nusu wazi, sijashona hata pindo moja. Niko kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha.

Kibao cha baba kimelala juu ya meza yangu ya kukatia.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja kutoka ofisi ya jiji na futi yake ya kupimia. Aliniamkia vizuri, akapima kutoka katikati ya lami, akanionyesha kwamba nguzo za kibao changu zimesimama ndani ya hifadhi ya barabara. "Mpaka Jumatano ijayo kiwe kimetoka, mama yangu. Ukutani unaruhusiwa, kibali utapata, ila kisizidi upana wa duka lako." Sikuweza kumkasirikia. Baba alipochimbia zile nguzo, pale palikuwa na kinjia tu. Barabara ndiyo iliyotufuata.

Ukuta wangu ni mfupi, unabeba nusu ya kibao. Nusu moja ina jina: MAMA TUMAINI, FUNDI CHEREHANI. Nusu ya pili, pembeni yake, ina mkono ulioshika mkasi.

Inabidi nikikate. Mimi, ambaye kukata ndiko kunakonilisha.

Bwana Salim, jirani yangu wa duka la vifaa vya ujenzi, alinisaidia kukishusha asubuhi, akaniazima msumeno na ushauri juu yake. "Bakisha jina, mama. Nani atakuja hapa kuulizia mkono?" Nikamjibu, "Kweli kabisa." Moyoni nilikuwa radhi uondoke.

Acha niseme ukweli, maana hapa sina wa kumficha. Ule mkono niliuchukia. Ni wa kushoto. Mimi natumia shoto, na baba hakulipenda hilo. Nilipokuwa mdogo kule kijijini, ugali ukiletwa alinifunga mkono huo kwa kipande cha khanga, ili nijifunze kula kama watu. Naye alikuwa mchora vibao, hakuchora kitu kwa bahati mbaya. Kwa hiyo nilipofungua duka akaniletea kibao kile, nikajua ananisema mbele ya mji mzima. Nilimpikia, nikamsindikiza stendi. Asante sikutoa. Mwaka uliofuata tukamzika.

Miaka tisa nimepita chini ya kibao hicho bila kuinua macho.

Leo nikakipangusa kwa kitambaa chenye maji, nipige mstari wa chaki pa kukatia. Hapo ndipo nilipouona mkono ule kwa karibu. Kidole kidogo kimepinda kwa nje, kama changu nilichovunja nikitwanga. Karibu na kiganja kuna kovu la pasi, palepale lilipo langu. Na kile kikofia cha chuma ninachovaa kidoleni kuzuia sindano kipo pia, vitundu vyake vimechorwa kimoja kimoja kwa brashi nyembamba. Mtu aliyesimama barabarani hawezi kuyaona haya. Hata mimi sikuyaona.

Nikauweka mkono wangu juu yake. Upepo ulikuwa unatikisa bati. Alinitazama hivi lini? Nakumbuka kabla sijahamia hapa, nikishonea nyumbani, alizoea kukaa kwenye stuli karibu na mlango, kofia magotini. Nilidhani anasinzia.

Hakuwa ananisema. Alikuwa ananiomba radhi, kwa njia aliyoiweza.

Nimelia, na Bwana Salim alipochungulia nikasingizia vumbi. Asante nimeitoa sasa hivi, kwa sauti, ndani ya duka tupu. Sijui kama inafika. Nataka iwe imefika.

Mstari wa chaki nimeupiga, ila kitakachobaki ni mkono. Jina langu mchoraji yeyote wa mjini ataliandika upya, hata kwa herufi ndogo juu ya mlango. Mkono ule hayupo wa kuuchora tena.

Kesho, kabla yule dada wa jiji hajafika, nitaukata upande wa jina uondoke. Na msumeno nitaushika kwa shoto.