Noti za Badala na Ndimu Mlangoni

Kibiti, Jumatano, saa tisa alasiri.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa hivi ndiyo imekatika. Njia ya sokoni imebaki tope tupu. Nimefunga kibanda mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze uwakala wa pesa za simu, hata ile wiki niliyokuwa na malaria. Nimekaa ndani, nimeacha kidirisha wazi kiasi cha mkono kupita, naandika kwa simu.

Naogopa. Nianze na hilo, mengine yatafuata.

Asubuhi nilipokuja kufungua nilikuta ndimu mbele ya mlango, chini ya upenu, imekatwa vipande vinne, imepakwa chumvi, na katikati pamewekwa kipande cha mkaa. Mgeni angedhani ni takataka. Mtu wa hapa anajua kwamba hiyo ni kinga ya chuma ulete, ile noti ya kichawi inayoingia kwenye pesa za mfanyabiashara kisha ikarudi kwa mchawi aliyeituma imebeba na wenzake. Kwa kawaida kinga unaiweka kwenye droo yako mwenyewe. Ukiikuta imewekwa mlangoni kwako, ujue wewe ndiye mtu wanayejikinga naye.

Na nimejitakia mwenyewe.

Wanaonisoma humu wanaujua ugonjwa wangu wa noti. Kwa asiyejua: noti ikiharibika wakati wa kuchapwa huondolewa, na mahali pake huwekwa nyingine kutoka fungu la akiba lenye herufi zake. Zile ninazozitafuta mimi namba zake zinaanza na Z mbili. Ni pesa halali, unanunulia chumvi kama nyingine yoyote, ila kuziona ni kwa bahati. Miaka sita napokea pesa za watu hapa dirishani, nimepata kumi na nne.

Utaniuliza zina faida gani. Mwezi uliopita nami niliuliza. Nilizipiga picha zote nikamtumia jamaa mmoja wa Dar anayenunua noti za kale. Akanijibu kwamba hizi za siku hizi, tena zilizokunjwakunjwa, thamani yake ni ile ile iliyoandikwa juu. "Kanunulie chipsi, dada," akamalizia. Nilicheka, nikanuna siku nzima, kisha nikaendelea kutafuta.

Sasa ona ninavyotafuta. Mtu akinipa noti naigeuza, nainyanyua kwenye mwanga, nasoma namba kwa midomo bila kutoa sauti, maana macho peke yake hunidanganya. Nikipata ninayoitaka siiweki kwenye droo, naiweka pembeni. Nikiiona kwa mwenzangu namwomba anibadilishie, nampa mpya. Nimeyaandika haya, nimeyasoma, na nimeona kwamba ningekuwa ni mimi ninayemtazama mtu wa namna hiyo, ningemkimbia.

Ijumaa iliyopita mteja alimlipa Bi Mwanaidi noti ya elfu mbili. Bi Mwanaidi anauza chapati mbele ya kibanda changu. Ni mtu mzima, umri wa mama yangu, na nilipohamia hapa kutoka Mtawanya sijui pa kuchota maji wala pa kununua mkaa, yeye ndiye aliyenishika mkono. Niliiona ile noti ikiwa bado mkononi mwake, Z mbili zimekaa wazi. Nikatoka mbio na elfu mbili mpya. Akanibadilishia, ila akauliza, "Kwani hiyo ina nini, mwanangu?"

Ningesema namba yake imenipendeza. Ningesema chochote. Nikajifanya mwalimu: "Hii ni ya badala, Bi Mwanaidi. Yenyewe ilikufa, hii ikaingia mahali pake."

Ilikufa! Sisi huku simu ikiharibika imekufa, pikipiki ikizima imekufa, basi na noti nayo nikaiua. Bi Mwanaidi aliitazama ile mpya niliyompa, akaisukuma kando kwa ncha ya kijiti cha kusukumia, akarudi kwenye unga wake.

Jumamosi pesa zake hazikutimia. Labda alimzidishia mtu chenji, sijui. Jumapili salamu yangu aliiitikia nusu. Jumatatu kina mama wa mboga wakaanza kunipita, wanakwenda kutoa pesa zao kule stendi. Leo ndimu.

Ningependa kuwaita washamba, moyo ungepoa kidogo. Siwezi. Hili sijamwambia mtu yeyote: kwenye droo yangu mna ndimu. Mama aliiweka siku nilipofungua kibanda, na kila ikikauka naweka nyingine. Mgeni akija kuomba chenji ya noti kubwa bila kununua kitu, naigusa kwanza. Ndiyo maana naogopa kiasi hiki. Najua wanachokifikiria kwa sababu nami hukifikiria.

Saa nne alikuja Mzee Salum, mwenyekiti wa soko. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akasimama pale pale kwenye tope, hakutaka kukaa.

"Mwanangu, Ijumaa baada ya swala tutakaa kikao. Wapo wanaotaka aletwe lambalamba. Mie nimekataa, lakini mie mtu mmoja. Wasema una kitabu cha hizo noti. Njoo nacho wakione, watu watulie."

Lambalamba ni wale waganga wa kufichua wachawi, wanaopita kijiji hadi kijiji na kunyoa watu nywele hadharani. Wao huondoka. Aliyenyolewa hubaki, na hakuna anayemuuzia wala kununua kwake. Nilimwambia Mzee Salum nitakuja nacho. Alipogeuka tu nikakumbuka mna nini ndani.

Ni daftari la kawaida, kila noti ndani ya mfuko wake wa nailoni. Chini ya kila noti nimebandika kakaratasi kenye jina la aliyenipa, mahali na siku, ili nisisahau. "Mama muuza mchele, Mohoro, siku ya arusi ya Rehema." "Bi Mwanaidi, chapati, Ijumaa, mvua." Majina kumi na manne ya watu, kila moja na pesa yake iliyofungiwa isitoke. Miaka yote nilikuwa naona kumbukumbu nzuri. Leo nimelifungua kwa macho ya kikao, nikaona daftari la mchawi.

Ukurasa wa kwanza ndio mbaya kuliko zote. Noti ile alinipa baba. Nilikwenda kumwona kule Mloka, alikuwa analala shambani kulinda mpunga usiliwe na tembo, na wakati wa kuondoka akanitia nauli mkononi. Kwenye basi ndipo nilipoziona hizo Z, nikalipa nauli kwa pesa nyingine. Mwaka ule ule baba akafariki. Nikaandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya jina lake: marehemu.

Watasema nilianza na baba yangu.

Nilimpigia mama. Hata hakuniacha nimalize. "Choma, mwanangu. Choma leo." Kibiriti kipo hapa, karibu na simu. Nimekiwasha mara mbili na mara zote mbili nimekipuliza. Yule wa Dar alisema kweli, hazina thamani, zote kumi na nne hazilipi kodi ya kibanda hiki. Lakini ile ya baba aliikunjua kwa vidole vyake vyenye matope, na alama ya dole ipo mpaka leo.

Naacha kuandika kidogo. Mtu amekuja dirishani.

Ameondoka. Alikuwa Bi Mwanaidi. Sikumwona uso, kidirisha kilikuwa wazi kidogo mno. Niliona mkono wenye unga, na noti ya elfu moja imeshikwa namba zikitazama juu. Z mbili.

"Si ndizo unazozitafuta?" akasema.

Nyuma yake, kwenye meza za mboga, maneno yalikuwa yamekatika. Sikusikia hata mmoja akiita mteja. Nikawaza amekuja kunipima: nikiipokea kwa furaha, ushahidi umepatikana.

"Hapana, Bi Mwanaidi," nikasema. "Hiyo ni pesa tu."

Akasema basi nimpe vocha ya elfu. Nikampa, nikaichukua noti bila kuigeuza, bila kuinyanyua, nikaitupa kwenye droo. Alipokuwa anaondoka alisema taratibu, wala hakuwa akiwaambia wale wengine, "Tangu jana napekua pesa zangu moja moja kwa miwani ya dada yangu."

Nimekaa na maneno hayo hadi sasa. Mtu anayemwogopa mchawi hampekulii noti siku mbili. Au ndivyo anavyofanya mtu anayetega? Sijui, wallahi sijui. Noti iko kwenye droo, imelalia ndimu. Najua tu kwamba kama alikuja kwa wema, nimemkana jirani pekee aliyekuja mlangoni kwangu leo.

Adhana ya alasiri imetoka. Nimekata kakaratasi, nimeandika: "Bi Mwanaidi, mara ya pili, Jumatano." Kibiriti nimekitupa kwenye tope. Kikao ni Ijumaa, lakini siwezi kungoja hadi watu wasomewe daftari na mtu mwingine.

Namwona kwa kidirisha, anafunika unga wake. Kutoka hapa hadi mezani kwake ni hatua saba. Nakwenda na daftari. Nitamsomea majina yote mbele ya kina mama wa mboga, nianze na la baba.