Glenwood, Upo?

Kumbukumbu ya Gilbert Aminiel Lyatuu, fundi wa kushona matanga ya boti
1966 – 16 Januari 2024

Mwaka umetimia, Baba Sia, tangu uinamie cherehani yako kwenye karakana ya pale bandarini Durban na usiinuke tena. Tumechelewa siku chache kutoa kumbukumbu hii. Sababu tutakueleza, maana na wewe umo.

Wasiokujua na wajue: ulikuwa mtoto wa Moshi, mpaka unakufa hukujua kuogelea, na bado ulikaa miaka minne kwenye boti za tanga huko visiwa vya Karibi. Ilianza kwa Diane, mama wa Kikanada aliyepita Durban akizunguka dunia na boti yake. Tanga lake lilichanika vibaya, ukamwambia kazi hiyo ni ya wiki mbili. Akasema hana wiki mbili, panda utashonea njiani. Ukapanda. Mkeo Verediana alidhani unatania hadi ulipompigia simu kutoka Cape Town, unatapika katikati ya salamu.

Uliporudi hukuwa na kingine cha kusimulia. Ulituchosha, tuseme ukweli. Tulijua kwamba huko watu huishi kwenye boti zao miaka nenda rudi, wametia nanga pamoja kama majirani wa uwanja mmoja. Anayeondoka huwagawia wanaobaki vitunguu na unga wake. Jumapili wanapika ufukweni, kila boti na sufuria yake, na yako ya ndizi nyama ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza. Ulikuwa ukipita boti hadi boti kwa kiboti cha mpira, subana ya kushonea kidoleni, umevaa jaketi la kujiokolea majini hata kwenye jua kali, wenzio wakiwa kifua wazi. Walikucheka, ukawashonea hivyo hivyo.

Kazi yako ulikuja nayo hadi nyumbani. Kipande cha nta ya kupaka uzi kilikuwa hakikutoki mfukoni, na kila suruali yako Verediana aliifua ikiwa na doa lake. Hizo suruali bado zipo. Hajazigusa, na sisi hatujamuuliza.

Sasa tufike kwenye lile la saa saba na nusu.

Kila asubuhi huko Grenada, kwenye ghuba mlikotia nanga, mmoja wao hushika redio na kusoma majina ya boti, moja moja, na kila boti huitika. Sheria yao ni kwamba boti isiyoitika siku tatu lazima mtu aende kuigongea. Na kila boti huacha namba ya mtu wake wa nchi kavu, wa kupigiwa likitokea la kutokea. Uliporudi Durban hawakukufuta. Nyumba yako waliiandika kama boti, ikaitwa kwa jina la mtaa wenu, Glenwood, ghorofa ya pili. Diane alikuwa akikupigia na kuweka simu karibu na redio, wewe unajibu kwa kuandika kwenye kundi lao la WhatsApp. Kwao asubuhi, kwako saa saba na nusu mchana, kijiko mkononi. Uliwafundisha hata kuuliza kwa Kiswahili. "Glenwood, upo?" Nawe unaandika: "Nipo."

Ulipofariki, simu yako iliita siku tatu, saa saba na nusu, mezani. Siku ya nne Verediana aliichukua akaandika "Nipo." Anasema hakufikiria. Hakutaka tu mtu aulize. Kesho yake akaandika tena. Tulipokusafirisha Moshi aliandika akiwa uwanja wa ndege, akaandika siku tunakuzika, amekaa na kanga yake kati ya wanawake, kidole gumba kikifanya kazi chini ya kanga. Hakulia. Watu walimsifu kwa kujikaza. Alituambia baadaye kwamba hakuwa anajikaza, alikuwa hasikii kitu, kama mguu uliokufa ganzi.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Alikwenda kazini mtaa wa Overport, alirudi, alimpikia Sia, na saa saba na nusu aliwadanganya watu waliokupenda. Aliogopa siku watakapojua. Akiwaambia wewe umekufa, watalifuta jina, na simu haitaita tena mchana. Lakini kila siku aliyokaa kimya ilizidi kuwa aibu.

Mwaka ulipokaribia, kidole kilikataa. Tarehe kumi na nne hakuandika. Kumi na tano hakuandika. Kumi na sita, siku yako yenyewe, simu iliita akaitazama mpaka ikanyamaza.

Ijumaa, tarehe kumi na saba, mlango uligongwa. Alikuwa Pacifique, jirani Mkongo wa chini mwenye duka la simu, na nyuma yake mwanamke wa Kifaransa aliyeungua na jua, ameshika mkate wa ndizi kwenye kitambaa.

"Mama Sia, huyu ni Inès, boti yake iko hapa harbour," Pacifique alisema. "Anasema Diane alimutuma. Glenwood haikujibu siku tatu. Ni sheria yao, lazima mutu aende kuona."

Verediana alishika mlango. Alisema yote kwa pumzi moja.

"Mwambie Gilbert alikufa. Alikufa mwaka jana. Mimi ndiye nilikuwa naandika. Mwambie nisamehewe."

Pacifique hakutafsiri. Aliinamisha kichwa.

"Eish, Mama Sia. Banajua. Diane alinipigia ile siku ya tatu, juu mimi ndiye mutu wake wa inchi kavu, Gilbert aliwapa numero yangu. Nilimwambia. Kesho yake wakaona umeandika. Diane akaniambia, Pacifique, tunyamaze."

"Mwaka mzima waliita mtu wanayejua amekufa?"

Pacifique akamuuliza yule mwanamke kwa Kifaransa. Alijibu polepole, akimtazama mkeo.

"Anasema hawakuwa wanauliza Gilbert," Pacifique alisema. "Balikuwa banauliza weye."

Verediana hakulia hata hapo. Aliuliza kama mgeni anakunywa chai. Walikula mkate wote, watatu, na Sia alipotoka shule akakuta makombo tu, akanuna.

Jumamosi saa saba na nusu simu iliita. Sote tulikuwepo, kaka yako Tito akisikiliza kwa simu nyingine kutoka Moshi. Sauti ya Diane, imechakaa kidogo: "Glenwood, upo?" Verediana alibonyeza kitufe cha kurekodi sauti. Akasema: "Mimi ni Verediana, mke wa Gilbert. Nipo."

Kisha boti zikaanza kumjibu, moja baada ya nyingine, kwa lafudhi mbovu, neno ulilowafundisha wewe. Nipo. Nipo. Nipo. Ilipofika ya tano akaweka simu chini, akajifunika uso na kanga, na mwaka mzima ukamtoka.

Unakumbukwa na mkeo Verediana, binti yako Sia, kaka yako Tito, wana ukoo wa Lyatuu huko Moshi, jirani yako Pacifique, na boti zote za ghuba ile.

Hatutakusahau maisha, Gilbert. Jina lako hawajalifuta, na kila likiitwa tutaitika.