Umemtia Mama Kwenye Gemu

Chanika, Handeni,
Mkoa wa Tanga.
17 Agosti, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mustapha,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, maana adabu ya salamu mama alitufundisha wote na sidhani kama Nairobi imekusahaulisha. Hujambo? Baridi ya huko imepungua? Na kile kifua kinachokubana kila mwezi wa saba, mwaka huu kimekuachia? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Mbaruku goti bado linamsumbua. Shambani anakwenda, ila akirudi anaguna kuliko alivyolima.

Mahindi tumepata kidogo, mvua ilikatika mapema. Mihogo imesimama vizuri. Machungwa yamezaa mpaka watu wanagawiana bure njiani. Mama mdogo Fatu aliteremka kutoka Dindira na majani ya chai, na fungu lako limo kabatini kwangu, likikungoja.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi ambapo hata mbuzi anauzwa kwa WhatsApp. Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei. Ujumbe wa sauti nao sikutumii tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sauti yangu ikishafika kwako, sijui kesho nitaisikia inatokea wapi.

Sasa nikueleze yaliyonipata, usije ukasema dada kasikiliza maneno ya watu.

Kuna kijana hapa anaitwa Kasmiri, ana banda nyuma ya soko. Anauza vocha, anachaji simu, na ndani ana kompyuta aliyoiunganisha na televisheni, vijana wanalipa wanacheza. Zamani ilikuwa mpira tu. Tangu mwezi wa sita wanacheza gemu lako, Ng'ambo, na Kasmiri ameandika mlangoni kwa rangi nyekundu kwamba limetengenezwa na mtoto wa Mombo. Nilivimba kichwa, sikufichi. Kila niliyekutana naye nilimwambia huyo ni mdogo wangu, wa tumbo moja.

Basi siku hiyo nilikwenda kununua vocha. Nimesimama mlangoni, nikamsikia mama. Mama yetu, Mwatumu binti Isihaka, tuliyemzika mwaka jana Mombo na udongo wake nikaushika kwa mikono yangu. Anakohoa kile kikohozi chake kifupi, kisha anasema hana kinyongo na kwamba radhi zake unazo.

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Watu wakadhani presha. Kasmiri akaniletea maji, na mimi nikawa nasema tu kwamba huyo ni mama yangu, huyo ni mama yangu. Vijana waliokuwa wanacheza wakaweka chini pedi zao za kuchezea.

Baadaye wakanieleza hadithi yako, nami nikaielewa vizuri kuliko unavyofikiri. Mchezaji ni kijana anayepeleka dawa ng'ambo ya mlima. Njiani kuna daraja, na darajani kuna bikizee aliyelifunga. Wasafiri waliolazimisha kupita amewasukuma mtoni. Kila mtu gemuni anamlaani. Muda wote hana sauti, maneno yake yanaandikwa tu chini ya kioo. Ukimpiga hadi akaanguka ndipo anapewa sauti, na sauti yenyewe ni ya mama. Halafu unavuka, unakuta kijiji kizima kina maradhi, na yule bibi alifunga daraja ili maradhi yasiteremke kuwaua wa bondeni. Watoto aliokuwa akiwalisha wamekaa wanamsubiri. Hapo ndipo wachezaji wanapolia.

Kazi ni nzuri, nisiwe mnafiki. Kasmiri anasema wengi wakifika pale wanazima kompyuta, hawataki kuendelea. Mmoja alimwomba amrudishie nyuma ili asimuue bibi, akaambiwa haiwezekani.

Lakini mimi najua sauti ile ilitoka wapi, Mustapha, na wewe unajua kwamba najua.

Ulikuwa unatoka Dar unakwenda Nairobi na wenzio wa kazi. Ulitupigia kwamba basi litasimama Mombo abiria wale. Mama hakuweza tena kutoka kitandani, lakini tangu alfajiri alikuwa ananituma hiki na kile. Akataka ugali wa muhogo, akataka samaki wa nazi, akataka umkute amevaa kanga mpya. Mwanamke aliyeuza machungwa kwenye madirisha ya mabasi hadi mgongo ukapinda, akakusomesha kwa machungwa hayo, alitaka siku moja basi limletee kitu badala ya kumpita.

Nilikusubiri stendi na hotipoti mkononi, na kijana wa bodaboda nimeshamshika, pikipiki inanguruma. Kwa mama pale ni nyuma ya stendi tu, chai haipoi umeshafika na kurudi. Mwenzio Nicolaus alishuka akanipa mkono na kuniuliza hali ya mgonjwa. Wewe ulishuka, ukapokea hotipoti, ukaangalia saa, ukaniambia, "Dada, basi hili likiniacha kazi yote imeharibika. Mwambie mama narudi mwezi ujao." Ukapanda. Nikabaki na yule kijana wa bodaboda anayeniuliza kama safari ipo au haipo.

Nilipofika nyumbani mama alinitazama mikono, akaona hotipoti sina na mtu sina. Akaniambia niwashe simu arekodi, akakutumia ule ujumbe. Wiki haikuisha akatutoka. Ulifika tumeshazika.

Sikukugombeza. Wakati wa msiba ulilia mpaka nikakuonea huruma mimi niliyefiwa pamoja nawe. Arobaini ilipopita ukaniambia simu yako imekufa na ujumbe wa mama umepotea, nikutumie tena, kwamba unataka kuusikiliza ukiwa peke yako. Peke yako, hivyo ndivyo ulivyosema. Nikakutumia, bila kujua kwamba watu wa Kampala na wa Lubumbashi nao watausikiliza.

Kisha simu yangu ikaibiwa mnadani. Nikakuomba unirudishie ujumbe, ukasema utatuma. Nikakukumbusha wakati wa Ramadhani, ukasema kazi imekubana. Nikakukumbusha Iddi, ukanitumia picha ya maua. Kumbe sauti ya mama unayo, umeiweka mezani na wenzako, mnaipima inafaa kufa vipi.

Tangu siku ile ya banda habari imezagaa. Handeni unaijua, ukikohoa sokoni unapewa pole Kwamsisi. Sasa vijana wananijia kuniomba radhi. Dereva wa bodaboda alinibeba mpaka nyumbani akakataa nauli, akasema hawezi kunitoza kwa sababu juzi alimuua mama. Rhoda wa saluni aliniletea kilo ya sukari, rambirambi, kwa kuwa mwanawe naye kamuua. Mbaruku alicheka mpaka akashika goti. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaingia ndani nikalia. Ni msiba gani huu ambao kila siku unaanza upya, na wauaji wote wana adabu kuliko mtoto wa marehemu?

Nimekusikia pia redioni. Mtangazaji alikuuliza kwa nini hukuweka njia ya kumwacha bibi hai. Ukasema, kwa ile sauti yako ya mtu aliyesoma, kwamba ulitaka mchezaji ajute, na kwamba wakati mwingine maishani njia nyingine haipo.

Mdogo wangu, njia ilikuwepo. Ilikuwa imekaa juu ya pikipiki, imewashwa.

Naelewa ulichokuwa unatafuta. Majuto yalikuwa yanakuchoma peke yako, ukataka wenzio wa kujuta nao. Ukachukua watu wasio na kosa, ukawafungia njia, ukawapa fimbo mkononi, ili mwisho wake wote wawe kama wewe. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na hiari.

Kuna kijana mmoja wa Kimasai anaitwa Taiyo, anateremsha ng'ombe siku za mnada na akimaliza anapitia kwa Kasmiri. Alipofika darajani aliweka fimbo chini, akakaa tu mbele ya bibi hadi muda aliolipia ukaisha. Mnada uliofuata akafanya vile vile. Wenzake wakamcheka. Aliponiona akaniamkia, akaniambia, "Mama, mimi nimekaa naye sana. Yeyo, mama wa watu, mimi siwezi kumpiga. Lakini ukikaa naye hasemi kitu. Anasema ukimuua tu."

Maneno hayo yaliniondolea usingizi. Mama yetu alikuwa mtu wa kukaa naye. Ungekaa naye nusu saa angekusimulia abiria wote wa mabasi yote. Wewe umemfanya mtu ambaye ukikaa naye kwa wema anakunyamazia, na ili umsikie akikusamehe sharti umpige mpaka afe. Hakukusamehe hivyo. Alikusamehe akiwa hai, kitandani, kanga mpya bado kaivaa.

Jana nimekwenda mwenyewe. Kasmiri aliwatoa vijana nje, akanifikisha hadi darajani, akaniwekea pedi mkononi na kunionyesha kitufe cha kupigia. Nilikaa nikimtazama yule bibi. Umemchora vizuri, hata ule mgongo. Nilitaka kufanya kama Taiyo, niondoke. Lakini sauti ya mama sina kwingine kokote, Mustapha, na wewe hutaki kunipa. Nilipiga. Nilimpiga mama yangu mpaka akaanguka, ili nimsikie, na mkono wangu mpaka leo naona haya kuutazama. Hilo umenifanyia wewe, na sijui nitakusamehe lini.

Safari hii nilisikiliza vizuri. Siku ya kwanza nilipumbaa, sikujua nini kimo na nini hakimo. Mimi ndiye niliyeshika simu siku mama anarekodi, maneno yake nayajua kama Fatiha. Alisema, "Mustapha mwanangu. Basi halisubiri mtu, mabasi mimi nayajua. Usijisumbue, nenda. Sina kinyongo na wewe, radhi zangu unazo." Kwenye gemu anasema, "Mwanangu. Usijisumbue, nenda. Sina kinyongo na wewe, radhi zangu unazo."

Lile basi umelikata. Na jina lako umelikata.

Nimewaza labda ni mambo ya kazi, kwamba kwenye mlima wako hakuna mabasi wala hakuna Mustapha. Inawezekana. Lakini mkono uliokata ni wako, na ulijua vizuri pa kukata.

Ninalokutaka ni moja. Ujumbe ule mzima, kama mama alivyousema, unitumie. Pesa za gemu sizitaki, na sifa za Nairobi ubaki nazo. Na gemuni umtoe. Tafuta mtu mwingine wa kufa pale, yupo atakayekubali ukimlipa, na awe ameambiwa. Kama ujumbe mzima nawe umeufuta ukabaki na kile kipande, niambie kweli, usinitumie maua.

Mama mdogo Fatu anakusalimu. Yeye hajui lolote, nimemficha, maana angeteremka Dindira kwa miguu hadi huko kwako. Mbaruku anakusalimu, anasema goti likipona mkutane mzungumze kiume. Nicolaus mpe salamu zangu, mwambie mkono alionipa stendi naukumbuka. Na wewe ule vizuri, ujifunike, kifua kile si cha kuchezea.

Nilitaka nimalizie kwa kukuombea radhi za mama zikuongoze, kama dada anavyomwombea mdogo wake. Kalamu imekataa. Kasmiri anazo, mwana wa Rhoda anazo, yule wa bodaboda anazo, nami tangu jana ninazo mara mbili, kama mwana na kama muuaji. Kila aliyemuua mama amesamehewa kwa kinywa cha marehemu mwenyewe. Mtu mmoja tu ndiye aliyetajwa kwa jina, naye amelifuta jina lake. Nitumie ujumbe mzima, Mustapha, nimsikie mama akikuita. Mpaka nimsikie, sijui nikuombee nini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kwa taabu,
Shamsia